Kabla Hajawa Nanga

"Wameuharibu!"

Majina ya waigizaji yalikuwa bado yanapanda kwenye skrini, na Duane Novotny alikuwa ameshasimama katikati ya duka lake la vitabu vya mashujaa, mkono kiunoni.

"Wameuharibu mwanzo wote, jamani! Sehemu ya kwanza tu, na tayari wameshaiua hadithi!"

"Kaa chini," mzee Gus, tarishi mstaafu, akamkemea. "Sheria ya hapa umeiweka mwenyewe. Kila mtu kwa zamu, bila kudakiana. Mwenye duka ni wa mwisho."

Watu wakacheka, naye Duane akakaa. Sheria hiyo ilikuwa na umri sawa na ndoa yake. Kila tamthilia mpya ya mashujaa ilipoanza, wateja walikusanyika hapo, upande wa magharibi wa Cleveland, wakatazama sehemu ya kwanza pamoja, kisha kila mmoja akaeleza ilivyomgusa kabla hajaharibiwa na maoni ya mwenzake.

Jumamosi hiyo walikuwa wametazama ile waliyoisubiri kuliko zote: ujana wa Nanga, yule shujaa ambaye akishasimama mahali, si treni wala mafuriko yaliyoweza kumsogeza. Tamthilia yenyewe ya Nanga ilikwisha miaka mingi iliyopita. Wengi wa waliokuwamo dukani waliitazama wakiwa na nywele nyingi zaidi kichwani, na wimbo wake ulipolia tena mchana huo, hakuna aliyethubutu kumtazama jirani yake usoni.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa, koti likiwa bado mwilini, alikaa Yvette, mke wa Duane. Tangu masika alikuwa akiishi Akron katika nyumba ya marehemu mama yake, pamoja na dada yake Colette. Jumatano angehamia mji wa mbali wa Tucson, ambako alipata kazi katika maabara ya kutengeneza meno ya bandia. Alikuja kurudisha funguo tu. Alipoona viti vimepangwa kama zamani, miguu ikagoma kuondoka.

"Mimi nimelia," alisema Marisol, mwanafunzi wa uuguzi. "Yule kijana anacheka kama Nanga mwenyewe. Sijui wamemtoa wapi."

"Bandari wameipatia," alisema Gus. "Nimesikia mpaka harufu ya samaki. Ila zile ndevu ni za kubandika, na gundi yenyewe ya bei rahisi. Haya, Duane. Tapika."

Duane akainuka.

"Sote tunajua Nanga alivyompata Iris wake. Nanga amesimama gatini, kivuko kinaharibika, Iris anashuka, wanaonana. Bahati tupu! Ndiyo utamu wake. Leo hawa wanatuambia Iris alikuwa akimtazama tangu kiangazi, akapanga ashuke palepale. Yaani alikuwa anamvizia!"

"Kwani kuna ubaya gani?" Marisol akauliza.

"Mapenzi ya kweli hayapangwi, binti. Nina ushahidi. Theluji magotini, basi linaharibika mbele ya mlango huu, anaingia msichana anatetemeka. Nikampa kahawa na kitabu cha kwanza cha Nanga. Sasa niambieni, nani alipanga?"

 Wote walijua nani amekaa nyuma.

"Mimi," alisema Yvette.

Duane aligeuka taratibu.

"Basi halikuharibika, Duane. Nilishuka."

"Ulishuka vipi?"

"Kwa miguu yangu. Vuli nzima nilikuwa napita hapa na basi nikienda kazini, nakuona dirishani. Unasoma huku midomo inacheza, unacheka peke yako kama chizi. Nikajisemea, mtu anayecheka hivyo na karatasi, akiwa na mtu je? Siku ile ya theluji nikabonyeza kengele, nikashuka kabla ya kituo changu. Kazini walinikata mshahara wa siku nzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisimulia kwa raha sana. Kila Krismasi, mbele ya kila mgeni. Nikaona nikuachie."

"Kwa hiyo miaka yote hii nasimulia uongo?"

"Si uongo. Ulianzia katikati."

Gus alijifanya anatafuta miwani yake. Ilikuwa usoni mwake.

Yvette akaja mbele, akaweka funguo kaunta, na sauti yake ikashuka.

"Mama alipokuwa anaumwa nilikuomba uje. Ulijibu nini?"

"Nilikwambia nipo. Yvette, mimi siku zote nipo. Ukirudi saa yoyote unanikuta hapa."

"Ndiyo. Upo. Hakuna mtu duniani aliyepo kama wewe. Lakini tangu siku ile ya basi, ni mimi ninayekuja. Mama alikuwa anakuuliza. Nikamwambia yupo njiani. Akafa akiamini hivyo. Ukaja kumzika, na jioni ileile ukarudi kufungua maboksi yako ya vitabu."

Duane alizigusa funguo, akaziacha palepale. 

"Mimi nimeipenda hii tamthilia," Yvette akamalizia. "Hilo ndilo neno langu. Wamemkumbuka Iris."

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Jumapili Duane aliandika ujumbe, akafuta, akaandika tena: "Umefika salama?"

Jibu lilikuja jioni: "Nimefika."

Jumatatu akapiga simu ya nyumbani Akron. Akapokea Colette.

"Shemeji."

"Colette, habari za huko. Yvette yupo?"

"Anapakia vyombo. Ana mikono miwili tu, na wa kumsaidia ni mimi na mgongo wangu huu mbovu. Unataka nini?"

"Anaondoka Jumatano saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Jumatano ni siku ya vitabu vipya."

 Duane alisikia saa ya ukutani ya mama mkwe ikigonga upande wa pili, ile aliyoitengeneza yeye mwenyewe walipokuwa bado wachumba, mama akimshikia taa na kumtania kwamba vidole vyake ni vya daktari ila akili ni ya mtoto.

"Ndiyo, shemeji," Colette akasema polepole. "Ukoo mzima unajua Jumatano ni siku ya nini. Kwaheri."

Jumatano gari la mizigo lilishusha maboksi kabla duka halijafunguliwa. Nje foleni ilishaanza, Gus akiwa wa kwanza kama kawaida, kofia imeshushwa masikioni. Duane aliyatazama maboksi. Mikono yake ilijua la kufanya: kukata utepe, kutoa vitabu, kumpangia kila mteja vyake. Hakuwahi kukosa Jumatano hata moja, si kwa homa wala kwa dhoruba. Hata wiki ile aliyokata roho mama mkwe, Jumatano yake ilikuwapo.

Akavaa koti, akatoka, akafunga mlango kwa nje.

"Vipi?" Gus akashtuka. "Leo ni Jumatano!"

"Leo hakuna, mzee."

"Umefiwa?"

"Bado."

Gus alimtazama, kisha akajitoa kwenye foleni ili ampishe. "Barabara ya kusini ina barafu. Usikimbize."

Alikimbiza.

Alipofika Akron, gari la Yvette lilikuwa limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Colette alikuwa barazani na kikombe cha chai. Alipomwona, akakiweka chini bila kunywa. Yvette alitoka na blanketi begani, akasimama.

"Dukani yuko nani?"

"Hakuna mtu."

"Na vitabu?"

"Vimo kwenye maboksi."

"Umekuja kunizuia."

"Hapana. Nimekuja kwa mama."

Yvette hakuelewa.

"Ulimwambia nipo njiani," Duane akasema. "Nataka nifike. Nipeleke, tafadhali. Peke yangu nitapotea kule makaburini. Siku ile sikutazama hata njia. Nilikuwa natazama saa."

Walikwenda kwa miguu, si mbali. Kwenye jiwe la kaburi Duane alivua kofia, theluji ikimwangukia kwenye upara. Akapangusa theluji juu ya jiwe, kisha akasema, "Mama, nimechelewa. Sina sababu." Akaukunja ukingo wa kofia. "Uliniuliza siku moja kama nitamtunza mwanao. Nikajibu nitakuwepo. Nilidhani ni kitu kimoja."

Yvette alilia akiwa amempa mgongo. Duane hakubaki aliposimama, akingoja. Alizunguka jiwe, akaenda mpaka alipo mkewe, akamshika.

"Usifikiri nimekusamehe," alisema Yvette, uso ukiwa kwenye koti la Duane.

"Sijafikiri."

"Na Tucson naenda. Wananisubiri Jumatatu."

"Najua. Ni safari ndefu. Mtu mmoja hawezi kuendesha peke yake."

"Duane. Halafu duka?"

"Gus ana ufunguo wa akiba tangu enzi, na hana la kufanya nyumbani. Nitarudi kulipanga, kuliuza, sijui. Siahidi kitu, Yvette. Nimeahidi vya kutosha. Nauliza tu kama kiti cha mbele kina mtu."

Walirudi nyumbani. Yvette alifungua mlango wa gari. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na sanduku la mbao lenye vielelezo vya meno, kazi yake ya miaka mingi, ambayo hakumwamini mpakiaji yeyote kuishika. Alilitazama, akamtazama mumewe.

"Nguo huna."

"Tutanunua njiani."

"Ukiangusha jino moja, nakuacha Indiana."

"Haya, mama."

"Shemeji!" Colette akapiga kelele kutoka barazani, huku akijifuta macho kwa ncha ya aproni. "Na hili gari lako lililoziba njia yangu?"

"Funguo zimo ndani! Endesha wewe!"

Yvette akalinyanyua sanduku. Duane akaingia, akafunga mkanda, akanyoosha mikono. Mkewe akampakatisha meno yote yale, akazunguka upande wa pili, akawasha gari.