Kamyoneti Iliyobembeleza

Théophile hakuwahi kuamini gari. Aliamini gurudumu. Gari linanguruma vizuri asubuhi na jioni limekufa, alisema, lakini gurudumu likiwa na kasoro linatikisika, likiwa zima linatulia, basi, halina cha kuficha. Ndiyo maana hakuwapenda mafundi wa maneno mengi. Ukimletea gari lako pale Kasongo alikuambia ubovu wake usoni, hata kama wewe ni muzungu wa pamba, na ukikasirika ulikasirika na gari lako.

Alasiri ile alikuwa akimpeleka mkewe nyumbani kwao Kabambare.

Clémentine alikuwa nyuma, juu ya mbao za kamyoneti, upande wa kulia, amefungwa ndani ya mkeka na vitenge viwili. Alikufa alfajiri hospitalini Kasongo, baada ya kuzaa. Mtoto alikuwa hai. Wa kiume, mdogo mno, amekuja kabla ya mwezi wake. Masista walikataa kumtoa kwenye joto. Atakufa njiani, walisema, na Théophile aliona wanasema kweli. Akamwacha mwanawe huko, hata jina hajapewa, akaazima kamyoneti ya tajiri wake mnunuzi wa pamba, akampakia mkewe. Nia yake ilikuwa moja: azike asubuhi, arudi siku hiyo hiyo, amshike mtoto. Huyo tu ndiye aliyebaki.

Mfukoni mwa shati alibeba kitambaa cheupe. Ndicho kitambaa cha kwanza alichofunikwa mtoto, chenye msalaba mdogo wa uzi mwekundu pembeni, kazi ya masista. Alitaka kumwonyesha bibi wa mtoto kule Kabambare, aguse, ajue mjukuu yuko.

Nyuma, karibu na maiti, aliketi mama Régina, dada mkubwa wa mama yake Clémentine. Ndiye aliyemlea. Kila walipofika kwenye kijito aligonga ubao kwa kiganja, akasema polepole:

"Clémentine, tunavuka maji. Tufuate. Usibaki."

Ni desturi. Maiti asiyeambiwa njia hupotea. Théophile alipunguza mwendo, akangoja amalize, akaendelea. Hakuona ubaya.

Walipopita kambi ya watengeneza barabara, jua likiwa limeanza kushuka, kamyoneti ikaanza kutikisika.

Mwanzo ilikuwa kidogo, chini ya kiti. Mshale wa mwendo ulipopita arobaini, mtikisiko ukapanda mpaka kwenye meno. Akipunguza, unaisha. Akiongeza, unarudi. Ulitoka nyuma, kulia.

Théophile alitukana. Magurudumu yale aliyasawazisha yeye mwenyewe wiki ile ile, moja moja, kwa njia aliyojifundisha: unaliacha gurudumu lizunguke peke yake hewani mpaka lisimame. Upande mzito unashuka chini. Unaweka alama ya chaki, kisha upande wa pili unabana kipande kidogo cha risasi, ile ya betri mbovu iliyoyeyushwa. Unazungusha tena. Siku likisimama popote linapotaka, limekubali. Kipande kama ukucha kikikosekana, gari zima linatetemeka.

Alisimama. Akainua gari kwa kriki. Nati zilikuwa zimekaza. Risasi ilikuwa mahali pake. Ndani ya janti, kile chuma kinachobeba tairi, mahali udongo mwekundu hupenda kuganda ukaharibu uzito, palikuwa safi. Akapapasa tairi lote akitafuta uvimbe.

Hakuna.

"Hata wewe?" aliliambia gurudumu, kama mtu anayegombeza mbwa wake.

Akalitoa, akaweka la akiba. Wakaenda. Likatikisika. Kulia, nyuma.

Akasimama tena, akahamisha: la kushoto kulia, la kulia kushoto. Kasoro ya gurudumu hufuata gurudumu. Hiyo ni sheria, haina muzungu wala mtu mweusi. Wakaenda.

Kulia, nyuma.

Jua lilikuwa limegusa miti. Théophile alishuka taratibu safari hii. Alisimama akiangalia kile kilichokuwa upande wa kulia.

"Mama, sogea huku," alisema. "Tumuhamishe."

Wakamvuta Clémentine na mkeka wake upande wa kushoto. Théophile alijua anachofanya ni upuuzi. Mzigo hulalisha gari, hautikisi. Fundi yeyote anajua.

Wakaenda. Arobaini.

Kushoto… nyuma.

Alizima injini katikati ya barabara. Kimya. Ndege walikuwa wamenyamaza. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, na ndani ya vidole bado alisikia ule mtikisiko, na sasa, kwa sababu kulikuwa kimya, akasikia kwamba una mpigo. Miwili ya karibu, mmoja mrefu. Tu-tu… tuu. Tu-tu… tuu.

Aliujua.

Miezi yote ile Clémentine alikaa kizingitini jioni, akalipiga tumbo lake hivyo hivyo kwa kiganja. Tu-tu… tuu. Théophile alimcheka: "Unabembeleza mutu hajafika?" Naye akajibu: "Azoee mukono wangu, wewe. Akifika asiniulize mimi ni nani."

"Mukwe wangu," mama Régina aliita kutoka nyuma. Alikuwa ananong'ona. "Njoo unuse."

Alipanda. Harufu ilimpiga kabla hajainama.

Maziwa.

Maziwa ya titi, yenye uvuguvugu. Vitenge vilikuwa vimelowa kifuani.

"Amekufa tangu alfajiri," Théophile alisema. "Inatoka wapi?"

"Anaita mutoto."

"Mama…"

"Nilisema pale hospitali. Nilisema mutoto aletwe, apitishwe juu ya mama yake, waagane. Mukasema ujinga. Sasa angalia. Anabembeleza mikono mitupu."

"Tufanye nini?"

"Tukate mugomba, kipande cha urefu wa mutoto. Tukifunge, tumupe mikononi. Tumuambie: huyu ndiye mutoto wako, lala. Bibi zetu walifanya hivyo."

Théophile alimtazama. "Nimudanganye Clémentine? Sikumudanganya akiwa hai."

"Ukimuambia ukweli, ataufuata mpaka kwa mutoto."

"Mimi nitamuambia ukweli."

Akapiga magoti juu ya mbao. Akaweka mkono palipokuwa na bega lake.

"Clémentine. Mutoto ni muzima. Iko Kasongo, iko kwenye joto. Uniachie huyo. Nitamulea. Uniachie huyo mmoja."

Akarudi kwenye usukani. Safari hii haikungoja arobaini. Ilianza papo hapo, ikapiga kwa nguvu, usukani ukamponyoka, kamyoneti ikakimbilia mtaro na kusimama tairi moja likining'inia. Nyuma mama Régina alipiga kelele. Na Clémentine, katika mkeka wake, alikuwa amegeuka. Uso wake ulielekea nyuma. Kasongo.

Hapo Théophile alikasirika. Hasira ya mtu aliyeogopa haina macho. Kando ya barabara palikuwa na mahame, kijiji kilichohamishwa kufuata barabara mpya, na migomba yake ilibaki imesimama. Alichukua panga, akakata, akachonga, akarudi na kipande cheupe kinachotoa maji.

"Vizuri," mama Régina alisema. "Sasa kitambaa. Lakini sikia, mukwe, kile kitambaa kisi—"

"Mama, nyamaza! Umesema ya kutosha! Nyamaza!"

Mwanamume hamfokei mkwewe. Hata mlevi hafanyi hivyo. Mama Régina alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge chake, akashuka, akaenda kukaa ukingoni mwa mtaro, amempa mgongo. Hakusema neno lingine siku hiyo.

Théophile alitafuta kitambaa. Vya kufutia vilikuwa na mafuta meusi. Shati lake lilikuwa na udongo. Ndipo mkono ukaenda mfukoni. Alikitazama kile kitambaa cheupe kitambo. Aliona aibu kumpa mkewe uongo mtupu. Kama sina budi kudanganya, aliwaza, basi nidanganye nusu. Angalau harufu iwe ya kweli.

Akakifunga kwenye mgomba. Akafungua mkeka, akaweka ule mgomba juu ya kifua kile kilicholowa, akainua mikono ya mkewe, mizito, akailaza juu yake.

"Huyu ndiye mutoto wako," alisema. "Muchukue. Lala."

Jua likazama.

Aliinua gari kutoka mtaroni kwa kriki, akamngoja mama Régina apande, akawasha. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Kamyoneti ilitulia kama maji kwenye kata. Théophile alilia mpaka Kabambare, akijua kwamba kesho jioni atakuwa na mwanawe mikononi.

Walizika asubuhi. Kaburi lilikuwa tayari, watu wengi, wimbo wa kanisani. Mama Régina aliinama ukingoni kuweka mkeka sawa kabla ya udongo. Ukafunguka kidogo. Aliona pembe ya kitambaa na msalaba mwekundu.

Alibaki ameinama.

"Théophile." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Kile kitambaa ni cha nani?"

"Cha mutoto."

Mama Régina akaketi chini, palepale kwenye udongo mbichi.

"Ndicho nilitaka kukuambia. Kisiwe kimegusa mutoto. Mugomba ni mugomba tu. Mugomba wenye harufu yake…" Alielekeza kidole kaburini. "Umemupa mutoto wewe mwenyewe. Kwa mukono wako."

Théophile alirukia ndani ya kaburi. Alishika kile kifurushi, akavuta. Jana mikono ile aliilaza tu. Sasa ilikuwa imefunga, kiwiko juu ya kiwiko, na vidole vimezama kwenye mgomba. Alivuta akilia, akimwita mkewe, akimwomba. Wanaume wakamtoa kwa nguvu. Walidhani ni uchungu, na kweli ulikuwa uchungu. Wakafukia.

Hakungoja chakula. Alirudi peke yake, mshale ukipita alama zote ambazo barabara ile inaruhusu. Nyuma hakukuwa na mzigo. Mashimo, mawe, madaraja ya miti, kamyoneti iliteleza juu yake bila sauti. Mtu mwingine angefurahi.

"Tikisika," Théophile alisema.

Ilitulia.

"Tikisika, tafadhali. Kidogo tu. Clémentine, nitafute. Mutafute mutoto wako. Tikisika…"

Alipiga usukani kwa ngumi. Alipita mahame, alipita mtaro, alipita kambi ya barabara. Ilitulia.

Muuguzi Pacifique alikuwa barazani mwa hospitali. Alimwona Théophile anashuka, akainuka, akavua kofia. Ilitosha. Lakini Théophile alitaka kuambiwa wazi, kama alivyowaambia watu maisha yake yote.

"Lini?"

"Jana, jua likizama. Hakulia, kaka. Alikuwa anahangaika muchana wote, halafu akatulia mara moja, akawa anavuta midomo, hivi, kama mutu anayenyonya. Akalala." Pacifique alitazama chini. "Tulikuwa tunamupa maji ya sukari tu, kwa kijiko. Lakini midomoni iko maziwa. Nimeuliza chumba kizima, akina mama wote. Hakuna aliyemunyonyesha."

Théophile aliendelea na ufundi. Magari ya wengine aliyasawazisha kama zamani, yakatulia. Kamyoneti peke yake aliitoa risasi zote kwenye magurudumu kwa koleo, akazitupa chooni. Ikawa inatetemeka mpaka milango inalia, na vijana wa sokoni wakapata neno: "Fundi! Yako inacheza ngoma ya wapi?" Alipita tu, na wale waliomjua walishangaa, maana zamani angewatukana wao na mama zao.

Mwishowe tajiri wa pamba alichoka. Akampa fundi mwingine ayasawazishe magurudumu yake, bila kumwambia Théophile. Asubuhi Théophile aliiwasha, akashika njia ya Kabambare. Arobaini. Hamsini. Usukani ukalala mikononi mwake kama mtoto aliyeshiba.

Aliizima katikati ya barabara, akashuka, akarudi Kasongo kwa miguu.