Rejista ya Wenye Kibali

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Baridi kali. Ukungu umefunika mabomba ya moshi ya kiwanda cha Shituru na jua halijaonekana.

Saa moja na dakika kumi, asubuhi.

Chumba cha nyuma cha saluni, mtaa wa Kakontwe. Osée Numbi alichora kwa chaki sakafuni. Ofisi ya serikali. Geti moja. Stoo moja. Ndani yake sanduku la mawe ya urani yaliyokamatwa kwa wachuuzi. Haingii mtu asiye na kibali cha usalama kutoka Kinshasa.

Osée, mkemia, alikiomba kibali hicho miaka tisa. Walimnyima bila kumwambia sababu. Mdogo wake, Georges Kalenga, alikipata ndani ya mwaka mmoja, akaajiriwa humo.

Georges alikuwa hapo hapo, amefungwa kwenye kiti cha kunyolea. Kadi yake ya kuingilia ilining'inia shingoni mwa Osée. Sura zao zilifanana. Osée angevaa koti jeupe na barakoa, aandike jina la Georges kwenye rejista. Mwenzake Pitshou angesukuma kitoroli cha kulitoa sanduku. Hortense, dereva wao, angengoja garini.

Hortense aliwaombea. Osée akasema amina. Moyoni hakuomba sanduku. Aliomba Georges afukuzwe kazi.

"Yaya," Georges akamwambia kaka yake, "acha hii kazi."

"Funga kinywa. Weye balikupa kibali. Minye balininyima."

Pitshou akamcheka bosi wake. "Chef iko na wivu sawa bibi wa pili."

Saa tatu kamili.

Kadi ikakubali. Geti likafunguka. Mlinzi mpya, Anne, akasukuma rejista mbele. Pembeni ilikuwapo orodha ya wenye kibali: majina kumi na mawili. Osée akaisoma yote, polepole. La Georges lilikuwa la nne. Lake halikuwapo. Akashika kalamu.

Akaandika: Osée Numbi.

Pitshou aliona. Akamkanyaga mguu, akanong'ona afute. Anne alikuwa ameshapitisha kidole kwenye orodha, mara mbili. Akabonyeza kengele.

Saa tatu na dakika nne.

Geti lilijifunga. Nje, Hortense aliwasha gari akaondoka. Pitshou alitoa bastola; askari wakamtwanga risasi ya paja. Osée hakukimbia. Alisimama kando ya meza, kalamu mkononi.

Pitshou alitaja saluni kabla hawajampeleka hospitali. Alimtukana Osée mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Saa tano.

Askari walimleta Georges uani mwa ofisi, mikono ina alama za kamba. Kamanda akauliza kama atamshtaki ndugu yake. Osée, mwenye pingu, alitamani atemewe mate. Hilo angeweza kulistahimili.

"Nitamushitaki," Georges akasema. "Nitasema yote pa tribunal."

Kisha akawageukia Anne na askari. Wote walijua kwamba kule gerezani mtu hula kile anacholetewa na ndugu zake.

"Na minye njo nitamuletea chakula ku prison. Kila siku, mpaka atatoka. Ninaapa mbele ya Mungu, na mbele yenu bote."