Imefika, Asante

Stempu ilikuwa bado mbichi. Fundi wa miwani aliigusa kwa kidole gumba, kidole kikarudi na mate, mate mazito ya vuguvugu, kana kwamba aliyeilamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango, wala si ng'ambo ya bahari ambako muhuri ulidai kadi imetoka. Muhuri wenyewe ulikuwa umevujia pembeni kama kunguni aliyekanyagwa. Fundi alikinusa kidole. Kilinuka nywele zilizoungua.

"Posta siku hizi wana kasi," alisema.

Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani akipinda pazia la mteja, hakuinua uso. "Posta ipi? Hii iliyotuletea salamu za mwaka mpya wakati aliyezituma tumeshamzika?"

Mtaani walimwita Bwana Kadi. Alikuwa mwanachama wa chama cha wabadilishana postikadi, watu wa dunia nzima wasiojuana kwa sura na pengine wanaopendana kwa sababu hiyo hiyo. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi: unapewa anwani ya mtu usiyemjua, unamtumia kadi yenye namba, naye ikimfikia anaingia kwenye tovuti ya chama na kukiri kwamba imefika. Ukishakiriwa, na wewe unaingia kwenye foleni ya kutumiwa. Kukiri ndiyo iliyokuwa dini yao. Mwanachama angeweza kutuma picha ya mtaro wa maji machafu, angeweza kumwita bwana mzima "mpendwa dada", na akasamehewa. Lakini asiyekiri kadi alikuwa mwizi wa fadhila. Ukuta mzima wa sebule ya Fundi ulijaa fadhila hizo, zimebanwa kwa pini: milima ya theluji, paka, treni, na daraja moja lililotumwa mara nyingi na watu wasiojuana mpaka mkewe akauliza kama huko hawana kitu kingine.

Kadi hii haikuwa na namba. Haikuwa na jina la mtumaji. Upande wa picha ulikuwa mweusi tupu, na upande wa pili, chini ya anwani yake, palikuwa na maneno mawili: *Niko njiani.*

Fundi aliiandikia kamati ya chama. Kamati ikajibu kwa heshima kwamba kadi isiyo na namba haiwezi kukiriwa mpaka mtumaji ajitokeze, na kwamba mtumaji hatafutwi mpaka kadi ikiriwe. Walimtakia siku njema.

"Iache," mkewe alisema. "Mtu asiyejitaja hajakuamkia."

"Mama, kuna mtu huko kapanga foleni, kalamba stempu. Nimnyamazie?"

"Ndiyo. Kunyamaza ni bure."

Lakini Fundi alikuwa muungwana, na uungwana ukimzidi mtu humfanya mjinga. Alichukua kalamu, akaandika chini ya yale maneno mawili: *Imefika salama. Asante. Karibu sana.* Akaibana ukutani katikati ya paka wawili, wakaketi kula.

Kwanza walisikia *tik*, kama mtu anayebonyeza kalamu. Kadi ya treni ikaanguka. *Tik.* Paka. *Tik, tik, tik,* na ukuta ukaanza kunyonyoka kama kuku. Mkewe aliinuka kuokota, na hapo ndipo harufu ya nywele zilizoungua ilipoingia sebuleni, nzito hata ikashikika kooni, na Fundi akatazama juu akaona kwamba kadi zimeanguka ila pini hazikuanguka, zimesimama hewani, ncha zote zikimwelekea mkewe, na kabla mwanamke hajamaliza kusema "Fundi, nini hiki," zikamwingia begani na shingoni na kwenye kiganja alichokiinua kujikinga, kisha kitu kisichoonekana kikamkamata nywele, kikamburuza sakafuni mpaka ukutani, kikampigiza, kikamrudisha, kikampigiza tena, mpaka mkono wake wa kulia ukalia kama ukuni mkavu, naye Fundi, aliyekuwa amemrukia kumshika miguu, akapigwa kofi lililomng'oa jino na kumtupa juu ya cherehani, ambako alilala akimsikia mkewe akicheka kwa sauti ya mwanamume.

"Umenikaribisha," sauti ilisema kinywani mwa mwanamke, damu ikimtiririka kidevuni. "Nimefika."

Hospitalini muuguzi alimtazama Fundi kwa lile jicho wanalotazamwa nalo waume wote ambao wake zao wameanguka.

"Ameanguka?"

"Amepigwa."

"Najua amepigwa. Na nani?"

Fomu ilikuwa na nafasi ya ajali ya barabarani, ajali ya kazini na mengineyo. Jini aliandikwa kwenye mengineyo.

Mkono ukaungwa, ukafungwa plasta. Walipofika nyumbani jini aliuvunja upya juu ya plasta hiyo hiyo, taratibu, kama mtu anayevunja kuni za kuwashia. Fundi aliikimbilia kadi na kuchana pembe yake. Ndewe ya sikio la mkewe ikachanika pamoja nayo. Akawasha kiberiti; moto uliilamba kadi bila kuiunguza, ila mgongo wa mkewe ukatoa malengelenge. Akakizima kwa kiganja chake mwenyewe, akalia.

"Hamia kwa dada yako," alimwambia.

"Nilikwenda jana ulipokuwa dukani," mkewe alinong'ona. "Nilifika mlangoni kwake tu, jini akanishika mkono, akanibwaga chini. Dada alidhani nina kifafa." Alimeza mate kwa shida. "Fundi, jana alinishika mkono. Leo ananipapasa shingo. Anaipima. Nakuomba, mume wangu, mtoe kabla hajamaliza kupima."

Mganga aliyeletwa alikuwa mama mmoja mnene aliyestaafu ukarani wa forodha. Alisema kazi hazitofautiani: unamuuliza mtu ametoka wapi, amebeba nini na ataondoka lini, na wote wanadanganya kwenye swali la pili. Alimkalisha mgonjwa kwenye mkeka, akawasha ubani, akaweka kadi nyeusi mbele yake, akavaa miwani.

"Umetoka wapi?"

"Kwa aliyenichoka," jini alijibu.

"Na kabla yake?"

"Kwa aliyenichoka."

"Umebeba nini?"

Chetezo kiliruka kutoka chini kikampasua mganga paji la uso. Alijifuta damu kwa upande wa khanga, akatikisa kichwa kama aliyefunguliwa begi akakuta alichokitarajia.

"Nimeona. Utaondoka lini?"

Vidole vya mkono mzima wa mgonjwa vilipanda vyenyewe, vikaishika shingo yake mwenyewe na kuanza kukaza. Uso ukawa wa zambarau. Fundi alivivuta kimoja kimoja. Kila alichokiachanisha kilirudi.

"Nikitumwa!" jini alinguruma. "Nikitumwa nitakwenda! Mimi ni msafiri!"

"Basi mwachie mwenzako apumue," mganga alisema, "tukutengenezee safari."

Vidole vikalegea. Mganga alimvuta Fundi jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu njiani hana nguvu. Anapata nguvu mtu akikiri kwamba amempokea. Wewe ulikiri, tena kwa kalamu. Futa anwani yako, andika nyingine, stempu mpya, apelekwe."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote. Wewe hukutumiwa na yeyote?"

Siku hiyo Fundi aliomba anwani kwenye chama. Alipewa ya mzee mmoja wa nchi ya barafu, aliyeishi na mjukuu wake, na ambaye alikuwa ameandika kwenye utambulisho wake: *Tunasoma kadi pamoja, kisha mtoto analala nayo chini ya mto.* Fundi alishika kalamu. Chumbani mkewe alikuwa akikoroma kwa koo lililovimba. Akaandika herufi ya kwanza ya jina la mzee, akaikata. Hakuweza.

Akaenda posta na kadi ndani ya koti. Karani wa dirishani alikuwa binti mwenye kucha ndefu na kanuni nyingi.

"Kitu kikiwa kwenye sanduku la mteja," Fundi alimuuliza, "kimefika?"

"Kimefika kituoni. Hakijamfikia mteja."

"Na mteja asipokuja kukichukua?"

"Kinangoja."

"Mpaka lini?"

"Mzee, kanuni inasema kinangoja. Haisemi mpaka lini." Alimtazama kwa huruma. "Unataka sanduku au unafanya utafiti?"

Fundi nusura ambusu. Alikodi sanduku, akajiandikia kadi kwa jina lake na anwani ya sanduku hilo, akaitumbukiza pale pale kwenye mdomo wa barua. Safari nzima ilikuwa kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili. Kwa kanuni, ilikuwa bado njiani. Ufunguo aliutupa chooni.

Nyumbani alimkuta mkewe amekaa kitandani, anakunywa maji bila kushikwa.

"Amekwenda," mkewe alisema. "Nimemsikia akitoka kama kamba inayovutwa tumboni. Umempeleka wapi?"

Angemwambia kwamba jini yuko posta, nyuma ya soko, asingelala tena maisha yake yote. "Mbali," Fundi alisema. "Kwa mtu wa nchi ya barafu."

Mkewe aliziba uso kwa mkono mzima. "Masikini yake. Ana watoto?"

"Sijui."

"Mungu atusamehe."

Tangu hapo hakukuwa na kofi wala harufu, ila kila jioni mkewe alimwombea yule mtu wa barafu, na kila asubuhi aliuliza kama ameandika, kama amejibu, kama yuko hai. Fundi alijibu "bado" mpaka neno likamwotea ulimini. Mara nyingi alitaka kumwambia kweli. Kila mara alimwona anavyocheka, anavyoshona kwa mkono wa kushoto na kulitukana pindo kwa kwenda upogo, akaahirisha.

Asubuhi moja mkuu mpya wa posta aliingia dukani na miwani iliyovunjika mguu. Alikuwa kijana wa suti, mwenye bango ofisini lililosema *Hakuna Mteja Aliyesahaulika.*

"Bahati nimekukuta, Fundi! Sanduku lako lilikuwa linanipa tabu. Linagonga mchana kutwa. Juzi mlango wake umefyatuka umemvunja karani wangu vidole viwili. Nimeandika kwenye taarifa kwamba ni msongamano wa barua."

Mikono ya Fundi ilisimama juu ya skrubu.

"Leo tumevunja kufuli. Msongamano gani? Kadi moja! Nikasema huyu mzee hajiwezi, tumfikishie. Nimeitia kwenye bahasha yetu yenye muhuri, mhudumu ameshaipeleka nyumbani kwako."

"Mimi sipo nyumbani," Fundi alisema. "Siwezi kupokea."

"Usijali, tumeirahisisha kanuni. Siku hizi mke anapokea kwa niaba."

Fundi alitoka mbio na miwani ya watu mkononi, mkuu wa posta akibaki anapapasa kaunta na kuuliza kama amemuudhi. Alikimbia katikati ya barabara, akapigiwa honi, akatukanwa, akapoteza kiatu kimoja, na alipokunja kona ya nyumba yake alipishana na mhudumu wa posta aliyempungia mkono kwa adabu.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni kwa ndani, bahasha kwapani, plasta imening'inia shingoni kwa kitambaa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha.

"Ni yeye, sivyo?" alisema. "Mtu wako wa barafu. Amejibu! Yuko hai!"

"Hukusaini," Fundi alisema akihema. "Niambie hukusaini."

"Ningesaini na nini, mume wangu? Kushoto sijui kuandika. Yule mtu mzuri kweli, akaniambia, mama usihangaike, wewe sema tu imefika, nitakuandikia mimi." Alicheka. "Nikasema imefika, asante."

Alikuwa bado anatabasamu pale nywele zake zilipoinuka kisogoni, zikakusanyika pamoja kama zimekamatwa ngumini, na mlango ukajifunga baina yao taratibu, kwa adabu, kama unavyofungwa na mtu aliye kwake.