Bintu Alisema Mbele ya Watu

Bintu aliamka mapema, akafagia ua, kisha akachukua bidoni na kushuka kuchota maji. Nyumba ilikuwa juu kabisa, huko Kadutu, mtaa wa mlimani mjini Bukavu, na bomba lilikuwa chini. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda.

Alikuwa na mimba ya miezi minane. Miezi mitatu kabla, yeye na mume wake Emile walikimbia vita kule Minova. Walifika Bukavu na mfuko mmoja wa nguo. Shangazi wa Emile, Maman Christine, aliwapokea katika nyumba yake ya vyumba viwili. Emile alipata kazi ya kubeba mizigo sokoni. Bintu alipika, alifua, alichota maji.

Siku ile hakufika juu na bidoni. Katikati ya mlima kichwa, kilichokuwa kikimuuma tangu siku tatu, kilizidi, akaketi kwenye jiwe. Mbele ya macho yake aliona madoa meusi yakirukaruka kama inzi. Alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili za Emile, kwa sababu zake hazikumwingia tena.

Alipofika nyumbani, Maman Christine alimwambia aketi.

"Kuvimba ni mimba, mutoto wangu," alisema. "Miye nilizaa tisa. Mimba ya mutoto wangu Cirhuza ilinivimbisha mpaka ku shingo. Acha chumvi, unywe hii."

Alimpa kikombe cha maji ya majani yaliyochemshwa. Bintu akanywa. Aliishi katika nyumba ya watu. Hakutaka kubishana.

Jioni Emile alirudi kutoka sokoni, akaona uso wa mke wake.

"Twende ku santé, ku kituo cha afya," alisema.

"Hapana. Fishi yangu, ile karatasi ya kupima mimba, ilibakia Minova. Kule balinipima mara mbili, hapa hakuna mwenye ananijua. Bataniuliza: ulikuwa wapi miezi hii yote? Mwanamuke mumoja wa kwetu aliniambia, bila fishi banakurudisha."

"Balimurudisha yeye mwenyewe?"

Bintu alifikiri kidogo. "Hapana. Naye alisikia."

Walilala hivyo.

Kesho yake asubuhi, jirani mmoja aitwaye Françoise alipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu siku ya chanjo ya watoto. Françoise ni mshonaji. Lakini watu wa mtaa walimchagua pia kuwa msaidizi wa afya, na alifundishwa kazi hiyo. Aliongea na Maman Christine juu ya chanjo, lakini macho yake yalikuwa kwa Bintu.

"Dada, uso wako ulikuwa hivi tangu zamani?"

"Tangu wiki moja."

"Funga mukono kama unapiga ngumi."

Bintu alijaribu. Vidole vilikuwa vimevimba, havikukunjika vizuri.

"Kichwa iko nauma?"

"Sana. Nilikunywa kidonge, haikuacha."

"Na macho?"

"Mara naona giza. Mara naona kama inzi."

"Hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu?"

"Tangu jana iko naniuma."

Françoise aliweka daftari lake chini. "Maman Christine, huyu anapashwa kufika ku santé leo. Si kesho."

"Françoise, miye nilizaa tisa."

"Najua, Maman, na nakuheshimu. Miguu peke yake inaweza kuvimba bila ubaya. Hapo uko na haki. Lakini uso na mikono kuvimba, na kichwa kuuma, na macho kuona giza, ile ni ingine. Pengine damu yake iko nasukuma na nguvu kupita kipimo. Tunaita tansio. Ikipanda sana mu mimba, mama anaweza kuanguka na kutetemeka. Ni kifafa cha mimba. Inaweza kumuua, yeye na mutoto."

Maman Christine alishika kikombe cha majani, akakiweka tena chini.

"Kutetemeka namna gani?" aliuliza.

"Mwili yote. Macho inageuka, meno inafungana."

"Mudogo wangu," alisema Maman Christine polepole. "Kule Nyangezi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alianguka hivyo. Tukasema ni pepo. Tulimushika, tukaomba, tukaomba. Hakuona jua ya mangaribi."

"Kichwa ilikuwa namuuma mbele ya kuanguka?"

"Wiki nzima. Na tulimwambia apumuzike."

Maman Christine aliingia chumbani. Alitoka na kitenge chake cha kwenda kanisani, akakifunga kiunoni.

"Simama, Bintu. Tunaenda."

"Maman, sina fishi."

"Fishi ni karatasi," alisema Françoise. "Inapotea, banaandika ingine. Hata badeplase, benye balikimbia vita, santé ni yabo. Lakini sikiliza muzuri. Ukifika, usikae kimya mu mustari. Usiogope watu. Sema mimba yako iko na miezi ngapi, na sema yote yenye uliniambia hapa."

Walishuka polepole, wanawake watatu, Bintu katikati.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Wanawake walibanana kwenye mabenchi mpaka nje. Mlangoni, dada mmoja aliyekuwa akiandika majina alinyoosha mkono bila kuinua macho.

"Fishi."

Bintu aliangalia chini. Kiswahili chake kilichanganyika na Kihavu cha kwao, na mara nyingi watu sokoni walimcheka. Maman Christine alifungua kinywa ili aseme badala yake, lakini Françoise alimgusa mkono. Bintu aliinua kichwa.

"Sina fishi," alisema kwa sauti. "Ilibakia Minova, tulikimbia. Niko na mimba ya miezi munane. Kichwa iko naniuma siku nne. Macho inaona giza. Mikono imevimba, na hapa chini ya mbavu iko nauma."

Benchi zima liligeuka kumtazama. Kutoka ndani, muuguzi mmoja alisikia maneno hayo akatoka haraka. Jina lake Virginie.

"Nani amesema macho inaona giza? Kuya hapa, maman. Bengine mutanisamehe, huyu anapita mbele."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walisogea. Mmoja alisimama na kumshika Bintu bega ili asijikwae.

Virginie alimfunga kifaa cha kupima tansio mkononi, akakijaza upepo, akasoma. Akapima tena.

"Dix-sept sur onze, kumi na saba juu ya kumi na moja," alisema. "Kwa kawaida ingekuwa kama kumi na mbili juu ya nane. Iko juu sana."

Alipima mkojo pia. Mkojo ulionyesha kwamba ugonjwa umegusa figo. Hakumwuliza alikuwa wapi miezi yote. Alimwambia tu, "Ulifanya vizuri kusema." Kisha alimchoma sindano ya kuzuia kifafa, akampa dawa ya kushusha tansio, akaita gari la hospitali.

Emile alipata habari sokoni. Alifika hospitalini akikimbia, unga wa mihogo bado uko mabegani. Daktari aliwaeleza wote.

"Dawa zinashusha tansio, lakini haziondoi ugonjwa. Dawa yenyewe ni mutoto kutoka. Miezi yake haijatimia, atakuwa mudogo. Tukingoja, tunaweza kupoteza wote wawili. Tunaomba kumpasua leo. Munasema nini?"

Emile alimtazama Bintu.

"Munitolee mutoto wangu," Bintu alisema. "Niko tayari."

Saa nane mchana mtoto alilia. Alikuwa msichana, wa kilo moja na gramu mia tisa, na sauti yake ilifika mpaka kwenye ukumbi. Maman Christine alikaa chini pale pale sakafuni akapiga kigelegele. Walimwita Emmanuella.

Mtoto mdogo hivyo anahitaji joto. Wauguzi walifundisha familia kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Lakini tansio ya Bintu ilibaki juu siku tano baada ya kuzaa. Basi Emile alivua shati, akamweka mtoto kifuani, wakamfunga na kitenge. Wenzake wa sokoni walipokuja kusalimia, walicheka.

"Emile, mizigo unabeba mpaka hospitali?"

"Cheka," alisema Emile. "Hii muzigo siitui."

Alipochoka, Maman Christine alishika zamu yake. Baada ya wiki tatu mtoto alifika kilo mbili na nusu. Bintu alirudi Kadutu na fishi mpya. Virginie alimwagiza aendelee kupimwa mpaka tansio itulie kabisa, na akipata mimba nyingine, aje mapema na kusema yaliyompata.

Bintu hakubaki na habari hiyo peke yake. Alipopata nguvu, alianza kutembea na Françoise katika nyumba zilizopokea watu waliokimbia. Françoise alieleza kwa Kiswahili, Bintu akaeleza kwa Kihavu. Wanawake waliokuwa wakijificha walitoka kumsikiliza, kwa sababu alikuwa mtu wa kwao. Maman Christine naye hakunyamaza. Kwenye bomba aliwaambia wote, "Miye nilizaa tisa na sikujua hii. Weye wa mimba ya kwanza unajua nini? Enda kupima."

Jumanne ya kwanza, siku ya kupima mimba, walikwenda kituoni wanawake wanne. Mmoja wao, Colombe, alikutwa na tansio iliyoanza kupanda. Hakuumwa popote; kama asingepimwa, asingejua. Alipewa dawa, akapimwa kila wiki, akazaa hospitalini mvulana wa kilo tatu. Habari hiyo ilienea mlima mzima.

Jumanne moja, miezi mitatu baadaye, Virginie alifungua mlango wa kituo asubuhi. Aliona mstari wa wanawake wenye mimba ukipanda ngazi za udongo. Wengi walikuwa na fishi mkononi. Wengine hawakuwa nayo, na hawakuona haya. Mbele yao alisimama Bintu, na Emmanuella mgongoni, mnene, akinyonya ngumi yake.

"Bintu," Virginie alisema, "umetuletea Minova yote."

Bintu aligeuka, akaangalia juu mlimani.

"Bado," alisema. "Bengine beko njiani."