Kipande cha Pili cha Doti

Kiangazi kile watu walikuwa wakigombania zamu kisimani, lakini Nurdini alirudi kutoka kazini nywele zimelowa na shingo inanukia asumini. Salha, mkewe, alimpokea begi, akanusa, akanyamaza. Ole wake mume anayedhani kimya cha namna ile ni amani. Akamtengea ugali.

Nurdini alikuwa akifufua kiwanda cha zamani cha kufuma nguo, milimani Kondoa. Enzi za babu zao, nguzo za umeme hazijafika, maji ya mto yaliletwa kwa mfereji, yakaangukia turbini, gurudumu la chuma lenye mapanga, nalo likavuta mikanda iliyoendesha mashine zote. Sasa turbini ilikuwa imeamka tena, na Nurdini hakuwa na habari nyingine. Alisifia mzunguko wake, alisifia sauti yake. Alikula akitabasamu peke yake.

"Baba Swaumu, kipande kimoja cha doti yangu mpya kiko wapi?" Salha aliuliza.

"Sijui, Mama Swaumu."

Alijua. Salha aliliona hilo machoni pake, na wivu ukamkaba roho. Mwenye wake wawili hununua kanga sare ili asizue ugomvi. Huyu amegawa doti moja!

Ijumaa, wafanyakazi walipokwenda msikitini, Salha alienda kiwandani kumfumania mtu. Lango la maji lilikuwa limefungwa, mfereji mkavu. Hata hivyo turbini ilizunguka. Ilizunguka polepole, na harufu ya asumini ikapanda kutoka shimoni, na chini ya mlio wa chuma akasikia mwanamke akiimba taratibu kama anayemsubiri mumewe, na alipoinama akaiona kanga yake, imelowa chepechepe, imefungwa kifuani mwa mtu ambaye hakuwapo, kifua kikipanda na kushuka, mpaka wimbo ukakatika na ile kanga ikamgeukia.

Alikimbia hadi kwa Bi Stara, mganga, ambaye baba yake alifuma nguo kiwandani hapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bi Stara akamsikiliza hadi mwisho. "Mwite mumeo."

Nurdini alikuja akiwa ameinamisha kichwa. Alisema alisikia kwamba wafumaji wa zamani, kabla ya kufungua maji, walitupa mferejini kitambaa cha kwanza kutoka mashineni, kumwomba ruhusa mwenye maji. Mashine zake zilikuwa hazijafuma hata uzi. Akachukua kanga ambayo Salha alimfungia chakula, akaitupa.

"Wazee walitoa nguo ambayo haijavaliwa na mtu," Bi Stara alinong'ona. "Wewe umempa nusu ya doti ya mkeo. Umemvisha sare. Kwa nini asijione mke?"

Alasiri hiyohiyo walishuka mferejini. Bi Stara alifukiza ubani, akasoma aya. Nurdini akaitoa ile kanga kwenye mapanga, akatamka talaka. Vipande vyote viwili vikachomwa. Turbini ikalia, ikasimama.

"Ameondoka," alisema Bi Stara. "Lakini asitajwe nyumbani kwenu, kwa wema wala kwa ubaya. Wa aina hii hutoka kwa kufukuzwa, hurudi kwa kuulizwa."

Nurdini akaacha kazi ile. Alirudi nyumbani nywele kavu, akacheza na binti yao, Swaumu, akala bila kutabasamu peke yake. Mwingine angeshukuru Mungu, afunge mdomo. Salha alishukuru, lakini kila mumewe alipotazama upande wa mto moyo wake uliungua. Alitaka kujua neno moja tu, alale.

Usiku mmoja, baada ya isha, Swaumu akiwa amelala, lilimtoka.

"Baba Swaumu. Alikuwa mzuri kuliko mimi?"

Nurdini akamziba mdomo kwa kiganja. Jikoni, ndani ya pipa la maji ambalo Salha mwenyewe alilifunika, maji yalianza kuzunguka, polepole kwanza, kisha kwa kasi, yakigonga ukingo, na harufu ya asumini ikapita chini ya mlango, ikajaa chumbani mpaka Swaumu akakohoa usingizini.

"Mjibu, mume wangu," ilisema sauti laini kutoka jikoni. "Hata mimi nataka kusikia."