Nsenene wa Mwezi wa Pili

"Mapendo, nsenene wameanza kuanguka huku. Nimekuwekea kikombe kimoja, sijakigusa. Njoo basi tule."

Ilikuwa sauti ya mama yangu, inatoka kwenye simu ya mdogo wangu Espe, jikoni kwake Oslo, mwezi wa pili. Nje theluji ilikuwa imepanda mpaka kwenye dirisha. Mgongoni nilikuwa nimebeba pacha wake mmoja, mwingine analia sakafuni. Espe akatabasamu. "Umesikia, yaya? Mama mzima kabisa. Ametuma asubuhi hii."

Asubuhi hii?

Ndugu zangu wasomaji, aliyekaa Kampala hata mwaka mmoja ananielewa. Nsenene, wale panzi wa kijani tunaokaanga na kitunguu, wanakuja mwezi wa kumi na moja. Wanarudi tena kidogo mwezi wa nne au wa tano, mvua ikikubali. Mwezi wa pili ni jua na vumbi tu... Nsenene wa wapi mwezi wa pili?

Sauti ile ilikuwa ya zamani, na kwa miezi walikuwa hawanipi mama nizungumze naye. Nilimuuliza pale pale: "Espe, mama amekufa lini?"

Simu ikamponyoka. Nikajua.

Naitwa Mapendo. Nina miaka hamsini na miwili. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mkiona maneno yangu yamepinda mnivumilie. Lakini majina nitayataja yote. Waliofanya hivi ni watatu: mdogo wangu Esperance, mume wake Deo, na kaka yetu Bahati anayekaa hapa hapa Kampala. Sitamficha hata mmoja. Wao walinificha vya kutosha!

Sisi ni watu wa Bukavu. Tulipokimbia vita Espe alikuwa na miaka mitatu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka tukavuka mpaka. Huku Kampala tulipanga chumba chini ya kilima cha Kibuli. Nikauza vitenge, nikamlea, akasoma, akapata mchumba, akaenda naye Ulaya. Miaka kumi na minne hakurudi hata siku moja. Nilibaki na mama. Mimi sina mume wala mtoto. Mama alikuwa ndiye mtoto wangu.

Halafu mwaka juzi Espe akazaa mapacha. Akanipigia akilia kwa furaha. Akasema, yaya, umeteseka sana kwa ajili yangu, njoo sasa utembee na sisi. Huku kuna majira manne, usije ukaona moja ukarudi. Uyaone yote!

Hapo nisimame kidogo kwenye hilo neno, yaya. Kwetu Bukavu, yaya ni mkubwa wako, yule unayemheshimu baada ya mama. Kila Espe aliponiita hivyo, moyo wangu ulikuwa unalegea. Ningekataaje?

Mama alisema niende. Alisema yeye bado ana nguvu, na Bahati atakuwa anampitia. Aliniomba kitu kimoja tu: "Nikiugua, urudi. Usiniache mikononi mwa Bahati, huyo hata chai hajui kuchemsha." Tulicheka. Nikamwahidi.

Nilifika mwezi wa sita. Sitadanganya, ulikuwa mji mzuri! Jua linakataa kabisa kuzama, watu wamelala kwenye nyasi kama nguo zilizoanikwa. Tulitembea wote, Espe, Deo, mapacha na mimi, mpaka kwenye bandari, tukala samaki, Espe akanipiga picha. Akasema anamtumia mama kwa simu ya Bahati. Line yangu ya Uganda ilikuwa haishiki kule, Deo akasema nisijisumbue, nitumie simu ya Espe. Pasipoti yangu nayo akaiweka, eti isije ikapotea na watoto wanavyovuruga vitu. Nikampa. Ningemkatalia shemeji yangu?

Wiki ya tatu Espe akarudi kazini. Nikabaki na mapacha.

Siku moja tulikwenda kwenye sherehe ya Waafrika. Kulikuwa na mama mmoja Mkenya, mcheshi sana. Akaniuliza mimi ni nani kwa Espe. Nikajibu kwa kiburi: "Mimi ni yaya wake!" Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akashusha sauti. "Pole, mama. Na wanakupatia siku ya kupumzika?" Kwa Wakenya yaya ni mfanyakazi anayelea watoto wa watu. Nikamcheka, nikamweleza maana yetu. Naye akacheka. Espe alisikia yote, na Espe hakucheka.

Yule Mkenya alikuwa ameona kwa dakika mbili kitu ambacho mimi nilikuwa sijakiona kwa miezi.

Majani yakawa mekundu, yakaanguka. Tulienda kutembea msituni, picha nyingine. Muda wangu wa kukaa ulikuwa unaisha, nikauliza kuhusu kurudi. Deo akasema karatasi ameshaziongeza. Akanionyesha barua ya lugha yao. Mimi nasoma nini pale? Nikaamini.

Mwezi wa kumi na moja nikaanza kuota mama. Nilikuwa siwezi kukaa. Nafua, naacha maji yanatiririka. Nasimama dirishani, narudi, nasimama tena. Kunakuwa giza saa tisa mchana! Nikiomba kuzungumza na mama, mara amelala, mara simu ya Bahati haina chaji, mara daktari amemkataza kusema kwa sababu ya koo. Koo gani la mwezi mzima? Espe ananijibu: "Yaya, wewe una wasiwasi mno. Toka nje ucheze na theluji, nikupige picha mama afurahi."

Nikatoka. Pacha mmoja akanitupia theluji usoni, nikacheka mpaka nikakaa chini. Espe akapiga picha.

Wasomaji wangu, ile picha... Nitairudia.

Sasa mnajua kilichofuata mwezi wa pili. Mama alikufa kabla ya Krismasi. Ile sauti ya nsenene aliituma mwezi wa kumi na moja, akiwa tayari mgonjwa, akiniita kwa namna yake. Espe hakunipa. Aliiweka! Akaitoa niliposumbua sana, akidhani itanituliza. Miaka kumi na minne ya Ulaya ilikuwa imemsahaulisha nsenene wanaanguka lini. Uongo wao wote uliangushwa na panzi.

Deo aliporudi nyumbani niliwauliza kwa nini. Deo akatazama viatu vyake. Espe ndiye aliyejibu, na jibu lenyewe naliandika kama alivyolisema: "Tungekuambia ungeondoka. Watoto wangebaki na nani?"

Watoto wangebaki na nani! Na mama yangu alibaki na nani?

Sikumpiga. Nilimshusha mtoto mgongoni, nikamkabidhi mama yake, nikadai pasipoti. Niliondoka theluji ikianza kuyeyuka, maji yanadondoka kwenye kila paa. Hayo ndiyo majira yao ya nne, niliyaona kupitia kioo cha gari. Uwanja wa ndege wakanizuia. Karatasi hazikuwa zimeongezwa hata siku moja! Niliulizwa maswali kama mwizi, na nikaambiwa nisirudi tena nchi ile. Nirudi kufanya nini?

Nilifikiri Kampala nitapata mabega ya kulilia. Nilifika Kibuli na begi langu, majirani wakaniangalia kisha wakaingia ndani. Hakuna aliyeniambia pole. Ni jirani mmoja tu Mganda, tunamwita Nalongo kwa sababu amezaa mapacha, aliyenivuta pembeni. Kiswahili chake ni cha hapa hapa mjini.

"Mama yako alikuwa naita wewe kira siku," akaniambia. "Bahati nasema, Mapendo amekataa kurudi. Amepata raha. Naonyesha yeye picha."

Picha ipi? Picha zote. Bandarini, msituni. Lakini ile ya theluji, mimi nimekaa chini nacheka meno yote nje, Bahati aliipitisha kwenye matanga. Watu walipouliza binti mkubwa wa marehemu yuko wapi, yeye akawaonyesha simu. Mama amelala kwenye jeneza, na mimi nacheka mkononi mwa kaka yangu!

Nalongo akaingia kwake, akatoka na kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa mfuko. Nsenene. Walikuwa wameharibika kitambo, wameshikana kama udongo. Akasema mama aliwakataza watu wasiwatupe.

Nilimfuata Bahati. Akasema aliambiwa na Espe afanye hivyo, eti kwa faida ya familia. Nikimpigia Espe, Deo anapokea, anasema mke wake amechoka. Wote watatu wanasema yamepita, tusameheane, sisi ni damu moja.

Ninyi mnaosoma, nawaomba. Ukialikwa kutembea, hata na mdogo wako uliyembeba mgongoni, pasipoti yako ikae kwako na simu yako iwe mkononi mwako. Na ukiwa umeacha mzazi nyumbani, usikubali kuambiwa amelala. Sema aamshwe! Mimi nilikuwa na heshima, sikutaka kusumbua. Heshima yangu ndiyo waliyoitumia.

Na wewe Espe, najua hii itakufikia, Wakongo wa huko wanasomeana. Usiniite yaya tena mpaka ufanye kitu kimoja. Mama alikufa akiamini nilikataa kurudi. Kaburi lake liko upande wa Luzira, kwenye kiwanja cha kanisa. Mwezi wa kumi na moja, nsenene wakianza kuanguka, na safari hii usikosee mwezi, uje na Deo. Mumchukue Bahati. Msimame pale, mbele ya majirani wote walioiona ile picha, mseme kwa sauti: "Mama, Mapendo hakukataa. Sisi hatukumwambia."

Nitakuwa nimesimama pale pale, na kikombe. Mtakuja au hamji? Nijibuni!