Kanyaga, Shikilia, Wacha

Lilikuwa limebaki gurudumu moja tu, na jua nalo lilikuwa limebaki kidogo.

Machano alilala chali juu ya gunia bandani, kichwa nyuma ya gurudumu la mbele la kulia, spana mkononi, vumbi la kutu likimwangukia machoni. Alijua kutengeneza gari bovu kama walivyojua wengi wa Unguja katika miaka ile ya baada ya Mapinduzi. Vipuri vilikuwa haviji. Mwenye gari alijifunza mwenyewe, au alikwenda kwa miguu. Mipira ya breki aliitoa kwenye lori lililokufa bandarini, alikofanya kazi. Jeki na mafuta ya breki aliletewa na kaka yake, Simai, kutoka Mpendae.

Haraka yake yote ilikuwa ni Tabia, mkewe. Tabia alikuwa na mimba kubwa, na mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Mkunga wao, Bi Wanu, alimwambia Machano wazi: "Hii ikianza kumsumbua, usiningoje mimi. Mkimbize hospitali mjini." Na pale Mbweni usiku hapakuwa na gari la kukodi. Palikuwa na hili tu, jeusi, la kizamani, linalokwenda vizuri ila halisimami.

Breki zilikuwa zimeingia hewa. Ukikanyaga, mguu ulizama hadi chini kama umekanyaga tope. Dawa yake ni kuitoa hewa ile, gurudumu moja baada ya jingine, na kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga na kushikilia. Mwingine hulala chini, akafungua skrubu ndogo nyuma ya gurudumu. Hewa na mafuta vikatoka kwa mpira hadi kwenye chupa. Akafunga, ndipo aliye juu akaachia. Hawaonani. Kilichopo baina yao ni sauti tu. Magurudumu matatu ya kwanza walikuwa wameyafanya hivyo.

"Kanyaga!"

"Nshakanyaga."

"Shikilia!"

"Nnashikilia. Na mguu wenyewe umevimba kama mkate wa boflo."

"Wacha!"

"Afadhali. Mwanao naye anakanyaga huku ndani, sijui unamwambia yeye au mimi."

Machano alicheka kule chini. Kwa pembeni aliziona ndara za mkewe, zimewekwa sambamba chini ya mlango wa gari. Zilikuwa hazimwenei tena. Alizivua kabla ya kupanda.

Gari halikuwa lao tangu mwanzo, wala nyumba. Vyote vilikuwa vya Zahor, kijana wa Kiarabu aliyechukuliwa katika siku zile za Mapinduzi asirudi. Gari lilitumiwa na ofisi fulani mpaka likachoka, likarudishwa bandani. Nyumba iligawiwa. Machano na Tabia walipewa vyumba vya mbele. Nyuma, karibu na jiko, alibaki mama yake Zahor, Bi Shariffa, katika chumba kilichokuwa cha kuwekea karafuu. Hawakugombana hata siku moja. Tabia alimpelekea mchuzi, na yeye alimkanda Tabia mgongo. Machano hakuwa amemnyang'anya mtu chake. Alipewa ufunguo na karani, akaenda akafungua mlango. Lakini kila alipompita bibi yule uani alipunguza mwendo, akasema "Shikamoo, Bi Shariffa," na kila mara bibi aliitikia "Marahaba, mwanangu," bila ya kumtazama.

Mchana wa siku ile, Machano alipoinua kiti cha dereva, alikuta kifurushi cha kaniki kimeshonewa kwenye springi zake. Kidogo, kigumu, kama ngumi ya mtoto.

Simai alikuwapo, anafuta jeki. Aliacha kufuta.

"Nini hicho?"

"Takataka. Kisichokuwa cha gari kitoke ndani ya gari."

"Kichome basi," Simai alisema upesi. "Kichome sasa hivi, nikione."

Walikichoma hapo hapo, pamoja na matambara ya mafuta. Moshi wake ulikuwa na harufu ya udi. Bi Shariffa alitokea mlangoni pa jiko, akatazama. Midomo yake ilifunguka kama mtu anayetaka kusema... ikafungwa. Simai hakumsalimia. Aliaga akarudi Mpendae kwa miguu, kama kawaida yake. Gari lile hakupata kulipanda hata siku moja.

Sasa lilibaki gurudumu moja, na skrubu yake ilikuwa imeshika kutu. Machano aliigonga kwa nyundo. Adhana ya magharibi ilianza kwa mbali. Kati ya kishindo na kishindo alisikia Tabia anasema kitu, na yeye akajibu, "Ee, ee," bila ya kusikiliza.

Skrubu ililegea.

Kuna jambo wazee wa Unguja hulikataza. Jua likishazama, usimwite mtu usiyemuona, wala usimwamrishe. Hujui nani atakuitikia. Machano alilijua tangu utotoni. Lakini mtu aliye chini ya gari halioni jua. Aliona ndara tu, na ndara zilikuwapo.

"Kanyaga!"



"Naam."

Ilikuwa sauti ndogo, ya mnong'ono. Machano alitabasamu kizani. Mwanamke wa Unguja huitika "abee". "Naam" ni ya wanaume.

"Leo umekuwa mwanamume, Tabia?"

Pedali ilishuka polepole, springi za kiti zikalia kwa uzito.

"Shikilia!"

"Naam."

Alifungua skrubu. Mapovu yalitoka mengi, moja nyuma ya jingine, kama mtu anayepumua ndani ya maji. Alifunga.

"Wacha!"

Pedali ilipanda.

"Kanyaga!"

"Naam."

Safari hii mguu ulikanyaga kwa nguvu zaidi. Machano alifurahi. Breki zilikuwa zinakaza. Mafuta yaliingia chupani kwa wingi, mazito, na chupa ikapata joto mkononi mwake. Ilijaa. Aliimwaga ikajaa tena. Aliwasha koroboi akaona wekundu, akasema moyoni kwamba ni kutu ya miaka. Kisha ilimjia harufu ya udi. Kiti kile kilichonuka panya tangu walipokikuta, sasa kilinukia kama chumba cha bwana harusi.

"Kanyaga... Kaza mguu. Mara moja tu, tumalize."

"Naam."

"Shikilia. Shikilia hapo hapo. Usiachie!"

Alishughulika kufuta skrubu kwa kitambaa. Alishughulika kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, maana alikuwa amechoka. Kule juu hapakusikika hata pumzi.

"Wacha. Basi, mke wangu. Shuka, imekwisha."

Alitambaa akatoka, akasimama, akafungua mlango wa gari.

Hapakuwa na mtu.

Kiti kilikuwa kimebonyea, kinapanda taratibu, kama godoro linapoachwa.

Kwenye mlango wa banda alisimama Bi Shariffa, ameuma ncha ya kanga yake. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na alikuwa akicheka bila ya sauti.

"Tabia yuko wapi?"

"Kaingia ndani tangu adhana," alinong'ona bibi. "Si kakwambia? Tumbo lilikuwa linamvuta."

Machano alikimbia. Tabia alikuwa kitandani, nyayo zake zina mchanga wa uani, macho yamemtoka, mdomo wazi. Pumzi ya kupigia ukelele hakuwa nayo. Shuka lilikuwa limelowa damu mpaka chini ya godoro, na chini ya kitanda sakafu ililowa.

Alimbeba, akamlaza kiti cha nyuma. Bi Shariffa alifuata na ndara mkononi, akaziweka ndani kwa adabu.

Kona ya kwanza ya njia ya mjini, Machano alikanyaga breki. Zilishika vizuri ajabu.

Nyuma, Tabia alilia mlio ambao mumewe hakupata kuusikia kwa mtu.

Aliachia. Tabia akanyamaza.

Kona ya pili, mbuzi walikuwa barabarani. Alikanyaga. Tabia alilia, akajikunja, mikono imeshika tumbo kama anayejaribu kukiondoa kitu kilicho juu yake.

Ndipo Machano alipotoa mguu wake kabisa, akauweka mbali na pedali ile. Aliendesha hadi mjini kwa gia na honi, akipita kona kwa kuomba Mungu, akagonga ukuta wa hospitali ili asimame. Breki alizozihangaikia tangu asubuhi hakuzigusa tena.

Mtoto alikuwa wa kiume, ametimia viungo vyote. Hakulia.

Daktari aliuliza kama mama alianguka, au alipigwa. Bi Wanu, aliyekuja kumwosha Tabia, hakuuliza. Alimwita Machano kando ya kitanda, akainua kanga ya Tabia kidogo. Juu ya kitovu palikuwa na alama iliyovilia damu: wayo wa mguu wa kulia, mpana, wa mwanamume.

"Sitaki kujua," alisema Bi Wanu. "Lakini wewe ujue."

Tabia alipoweza kusema, hakulaumu wala hakulia. Alitazama dari.

"Nilikusikia dirishani," alisema. "Kila ukisema kanyaga, kinanikanyaga. Nikataka kukuita, pumzi ikawa haipo. Nikasema, sasa hivi atamwambia aache... Ukasema shikilia."

"Tabia, mimi nilidhani..."

"Nilikusikia, baba. Ulisema usiachie."

Ndugu zake walikuja kumchukua, wakampeleka kwao Makunduchi. Alivaa viatu vya kuazima. Ndara zake alikataa kuziona.

Machano alibaki peke yake vyumba vya mbele, na gari, lililovutwa kutoka hospitali, likarudi bandani. Alifikiri kulivunja gari lile kwa shoka, lakini hakuwa na nguvu hata ya kuosha kikombe. Bi Shariffa alimletea chakula kila jioni, wali na samaki, na siku moja alikaa kizingitini, mara ya kwanza tangu wajuane.

"Ulijua," Machano alisema. "Uliniona nikichoma kile kitu."

"Nilijua."

"Hukusema."

Bibi alinyoosha kanga magotini. "Walikuja magharibi, mwanangu. Wakamwita Zahor wangu kwa jina, nje, kizani. Mimi nilimshika nguo nikamwambia usiitike. Lakini nilimlea mwenyewe, mtu mzima akikuita unaitika. Akasema 'naam,' akatoka. Wakamtia katika gari yake mwenyewe. Gari ilirudi. Yeye hakurudi. Kisha ikawa mtu yeyote akipita hapo jioni akiita mkewe, akiita mwanawe... inaitika ile. 'Naam.' Watu wakakimbia. Ndugu zangu wakaleta mtu akaifunga kwa kile kifurushi."

"Na mimi nikaifungua."

"Ulikuwa unasafisha. Simlaumu mtu anayesafisha." Alitazama upande wa banda. "Miaka yote hii sijaisikia sauti ya mwanangu. Nikasema, nisikie mara moja tu. Sikujua kuwa anaweza kufanya kazi anayoamrishwa. Sisi wengine tulikuwa tunaita tu. Ni wewe uliyemwambia kanyaga, ukamtajia na jina la mkeo."

Machano alimtazama mikono, ile iliyomkanda Tabia mgongo, na hakujua amchukie kwa lipi. Alijaribu kujiweka mahali pake, akaona kwamba pengine na yeye angenyamaza. Hilo lilimtisha kuliko gari.

"Mtoto wangu, Bi Shariffa."

"Na wangu," alisema bibi, akainuka.

Baada ya jioni ile hakuleta chakula tena.

Siku chache baadaye, adhana ya magharibi ilimkuta Machano amejilaza kwenye kitanda kile kile, chini ya dirisha. Alisikia mlango wa banda unafunguliwa. Alisikia kibao kinalia, mtu mzee anakaa. Kisha sauti ya Bi Shariffa, laini, ya mama anayemwamsha mwanawe kwa swala.

"Zahor."

"Naam, mama."

"Nnawajua wote waliokuita usiku ule. Niliwasikia sauti. Wengine wamekwisha kufa, Mungu kawachukua. Mmoja yupo. Kumbe alikuwa akija hapa nyumbani, mwanangu, ananipita kama jiwe, hata shikamoo hatoi. Alileta jeki."

Machano alikaa. Alimkumbuka Simai na haraka yake mbele ya moto. Alikumbuka njia yote ile ya Mpendae, kwa miguu, mara ngapi, juani.

"Anaitwa Simai," alisema Bi Shariffa. "Kanyaga."

"Naam."

Springi za kiti zililia.

"Shikilia, mwanangu."

Machano aliruka dirishani bila ya viatu, akaanguka, akainuka, akafika mlango wa banda. Ndani palikuwa na giza na harufu ya udi. Bibi alikaa juu ya kibao kando ya gari, mkono wake umepita dirisha la gari, kama anayempapasa mtu nywele. Pedali ilikuwa chini kabisa.

"Wacha!" Machano alipiga kelele. "Wacha! Wacha, nakwambia!"

Pedali haikupanda.

Bi Shariffa hakugeuka. Na kutoka kwenye kiti, karibu sana, sauti ya kijana aliyelelewa vizuri ilimjibu kwa upole, karibu ya kumwomba radhi:

"Mama hajasema."